Jinsi ya kujitengenezea glavu ya hoki ya chini ya maji: mwongozo kamili kuanzia kitambaa mpaka silikoni

Kama umewahi kucheza hoki ya chini ya maji hata siku moja bila glavu basi sina haja ya kukueleza kwa nini uko hapa, vidole vyako vimeshakueleza. Unatoka bwawani umefurahi, unakausha nywele, alafu unataka kuvaa soksi ndo unagundua vifundo vyote vya mkono wa kulia vimechunika na hukusikia kitu muda wote uliokuwa ndani. Ngozi ikishakaa majini robo saa inalainika, kigae ambacho kwa kawaida kisingekufanya lolote kinakuparua kama kikwangulio.

Kwa asiyeujua huu mchezo, kwa kifupi tu: ulianza Southsea, Uingereza, mwaka 1954, mzamiaji mmoja anaitwa Alan Blake aliubuni na mwanzoni ukaitwa Octopush. Timu mbili, wachezaji sita sita majini kwa wakati mmoja, wamevaa maski, snokeli (mrija wa kupumulia) na mapezi ya miguuni, wanashikilia pumzi na kushuka chini kabisa kusukuma kisahani kwa fimbo fupi inayoshikwa kwa mkono mmoja. Kisahani chenyewe ni risasi iliyofunikwa plastiki, uzito wake kama kilo 1.3, upana sentimita 8 na unene sentimita 3 hivi. Vipindi viwili vya dakika 15. Kila kitu kinachezwa kwenye sakafu ya bwawa, kwa hiyo mkono wako unapita karibu na vigae muda wote.

Sasa glavu za kununua zipo na nyingine ni nzuri kweli, ila zinashonwa kwa mkono wa wastani na wewe huna mkono wa wastani, hakuna mtu mwenye mkono wa wastani. Ndo maana wachezaji wengi wa siku nyingi wanajitengenezea wenyewe, kitambaa kwa ndani na silikoni kwa juu, ile gundi ya kuzibia masinki inayokauka ikawa kama mpira. Sio kazi ngumu. Ni kazi ya subira, na subira ndo sehemu ambayo karibu wote tunafeli mara ya kwanza.

Yangu ya kwanza ngoja nikusimulie maana ina makosa yote mawili makubwa. Nilivaa glavu ya bustani, nikaweka mkono mezani umenyooka kama nataka kupima saizi ya pete, nikamwaga tyubu karibu nzima kwa mara moja. Siku ya pili juu ilikuwa imekauka safi nikajiona fundi. Siku ya kumi nimeivaa, nimekunja ngumi, ikapasuka pale kwenye kifundo cha kati na silikoni mbichi ikatoka kama usaha wa jipu, na harufu ya siki juu. Nikaiacha ikauke tena, nikaenda nayo majini, na hapo ndo nikajua kosa la pili: kwa kuwa ilikaukia mkono ukiwa umenyooka, kila nikishika fimbo yenyewe inataka kunyooka. Dakika tano tu mkono mzima umekaza. Kwa hiyo shika haya mawili kabla ya yote, glavu ikaukie ikiwa imekunjwa kama inavyoshika fimbo, na silikoni iwekwe kwa tabaka nyembamba nyembamba.

Vitu vya kutafuta

Glavu ya kitambaa. Tafuta ya nyuzi za poliesta au nailoni, iliyofumwa, inayobana mkono bila kukata damu. Ya pamba inafaa pia na silikoni inaingia vizuri kwenye nyuzi zake, ila inakunywa maji, inakuwa nzito na inachelewa kukauka mpaka inaanza kunuka. Zile za kazi zenye mpira upande wa kiganja na mgongo mtupu mi ndo nazipenda, mpira unasaidia kushika fimbo na mgongo unapokea silikoni. Usichukue iliyofunikwa mpira mpaka mgongoni, silikoni haitashika, itabanduka kama gamba. Na zile laini za kuvutika sana, kama kitambaa cha nguo za kuogelea, klorini inazimaliza haraka.

Unahitaji glavu moja tu, ya mkono wa fimbo. Nunua mbili hata hivyo, ya kwanza utaiharibu.

Silikoni. Hapa usidanganyike na duka. Kuna tyubu zinafanana kabisa, moja imeandikwa silikoni asilimia 100 na nyingine ni akriliki, ile wanayosema unaweza kupaka rangi juu yake. Akriliki ikikaa majini inalainika, haifai. Chukua silikoni tupu, ile ya vioo na masinki, au bora zaidi ile ya kuundia matangi ya samaki kwa sababu haina dawa ya kuzuia ukungu. Ile yenye dawa ya ukungu ya bafuni achana nayo, kitu hiki kitakaa kwenye ngozi yako iliyolowa kwa masaa. Nyingi zitakuwa zile zinazotoa harufu ya siki wakati wa kukauka, ni sawa, hiyo ni asidi inatoka na ikishaisha imeisha.

Kiasi gani? Mgongo wa mkono pamoja na vidole ni kama sentimita za mraba 200, ukiweka wastani wa nusu sentimita unapata mililita 100 au 120 ukihesabu na ya kumwagika. Tyubu moja ya kawaida ni mililita 280 mpaka 310, kwa hiyo inatosha na inabaki. Na silikoni mililita 100 ni kama gramu 100 hivi, usisahau hilo pale mkono utakapoanza kuwashwa kuongeza kidogo hapa na kidogo pale, kila tone utalibeba wewe.

Vingine: bunduki ya kusukumia silikoni, tapentaini ya kuchanganyia rangi za mafuta (sio thina, thina nyingine zinayeyusha glavu yenyewe), brashi ndogo ya kutupa, vijiti vya aiskrimu, kikombe cha plastiki, glavu nyembamba za kutupa, waya unaokunjika kwa mkono, matambara, sabuni ya maji ya vyombo, chaki, kalamu isiyofutika, na kipande cha wavu laini kama wa chandarua kizee.

Rangi. Silikoni ya rangi ikipatikana chukua. Isipopatikana nunua ile ya kupitisha mwanga uitie rangi ya mafuta ya wachoraji, kiasi cha punje ya haragwe kwa kikombe kidogo inatosha, ukizidisha inachelewa kukauka. Rangi ya maji usitie kabisa, maji ndo yanayoikausha silikoni kwa hiyo itagandia kwenye kikombe ina mabonge. Kuhusu rangi gani, fimbo kwenye mchezo huu ni nyeusi kwa timu moja na nyeupe kwa nyingine, na refa yuko majini anatakiwa aone fimbo imeishia wapi na mkono umeanzia wapi. Kwa hiyo glavu nyeusi au nyeupe hapana. Bluu kali haina ugomvi na mtu, ila chungwa achana nayo, kwenye mashindano glavu za chungwa ni za marefa.

Anza kwa kujua wapi unaumia

Hii hatua watu wanairuka na ndo ya maana kuliko zote. Vaa ile glavu ya kitambaa ikiwa mpya, pakaza chaki nyingi kwenye sakafu ngumu, piga magoti, shika fimbo yako (au kipande cha mbao cha urefu wa sentimita 30 hivi) kama unavyoshika ukiwa unacheza, alafu cheza. Sukuma kulia, vuta kushoto, zungusha kama unamkwepa mtu, rusha kisahani cha kujifanya. Dakika mbili tatu. Inua mkono uangalie.

Chaki itakuonyesha ramani yako mwenyewe. Mimi ilinionyesha kitu ambacho sikutegemea, nilidhani naumia kwenye vifundo vikubwa vya ngumi kumbe chaki yote ilikuwa kwenye kifundo cha katikati cha kidole cha pete na cha mwisho, upande wa nje, sababu nikivuta nalaza mkono. Rafiki yangu anayeshika fimbo juu zaidi chaki yake ilikuwa kwenye ncha za vidole. Zungushia kalamu sehemu zote zenye chaki. Hizo ni za sakafu.

Alafu ongeza kwa kichwa sehemu ambazo sakafu haigusi ila fimbo za wenzio na kisahani vinagusa: mgongo wa kidole gumba, kidole cha shahada chote hasa kama unakinyoosha juu ya fimbo kama wengi wanavyofanya, na ule mstari wa vifundo vinne vikubwa. Hizi weka alama nyingine tofauti, kwa mfano msalaba. Sakafu inakwangua, fimbo inagonga. Kukwanguliwa kunazuiwa na tabaka jembamba gumu kuchanika, kugongwa kunazuiwa na unene. Ukishaelewa hilo hutajaza silikoni kila mahali.

Mkono wa bandia

Ukitengeneza ukiwa umeivaa utakuwa unapaka kwa mkono wako dhaifu, maana ule mzuri ndo uliomo ndani ya glavu, na utakaa hivyo masaa. Nimejaribu. Hata kujikuna huwezi. Tengeneza mkono wa bandia.

Kata waya vipande vitano, kila kimoja kitoke ncha ya kidole mpaka chini ya kiganja, vizungushie matambara mpaka vinene kama vidole vyako, funga pamoja chini, uviingize kwenye glavu nyembamba ya kutupa kisha ndani ya glavu ya kitambaa. Jazia matambara kwenye kiganja na mgongoni mpaka kitambaa kikae bila makunyanzi. Sasa ushikishe huo mkono fimbo yenyewe, ufunge vidole viizunguke kama wewe unavyoshika, waya utabaki umejikunja hivyo. Legeza kidogo tu, kama umeshika glasi na sio kama umeshika mwizi, kwa sababu silikoni ikikauka kwenye mkunjo wa nusu itakuruhusu kukaza na kulegeza bila kupigana nayo. Ile fimbo izungushie karatasi ya nailoni isije ikagandana na glavu, alafu isimamishe kwenye chupa yenye mchanga ili mkono uwe hewani.

Kuna wanaomwaga plasta ndani ya glavu ya kutupa wakapata mkono mgumu. Inafanya kazi, ila usije ukatumbukiza mkono wako mwenyewe kwenye plasta mbichi ili upate umbo, plasta ikiganda inapata moto na inaunguza vibaya sana.

Tabaka la kwanza, la kunywesha

Fungua madirisha. Hakuna sigara wala moto, tapentaini inashika. Vaa glavu za kutupa.

Kwenye kikombe weka silikoni vijiko viwili na tapentaini kijiko kimoja, koroga kwa kijiti mpaka ilainike iwe kama uji mzito, mwanzoni itagoma na kufanya mabonge usikate tamaa endelea tu. Hapa ndo unatia na rangi. Paka kwa brashi, sio kupitisha juu juu, sindilia uingie kwenye nyuzi, mgongo wote na vidole vyote juu na pembeni. Kiganja usiguse, na ule upande wa ndani wa vidole unaogusa fimbo usiguse, hapo unataka kuisikia fimbo. Tabaka hili ndo linafanya vingine vyote visibanduke, ukiliruka glavu itaonekana nzuri tu na mwezi wa pili itaanza kujimenya. Acha masaa matatu manne mpaka harufu ya tapentaini ipungue.

Tabaka la pili, la mwili

Sasa silikoni nzito bila tapentaini. Rangi changanya kidogo kidogo kwenye kikombe, usichanganye yote maana inaanza kufanya utando ndani ya dakika kumi mpaka ishirini. Paka kwa kijiti cha aiskrimu unene wa milimita 2 mpaka 3, kidole kimoja kimoja, kuanzia ncha kurudi nyuma. Kwenye zile sehemu za mstari wa kalamu za chaki bandika kipande kidogo cha wavu wa chandarua ukiwa bado mbichi, ukandamize uzame, upitishe silikoni juu. Wavu unazuia mpasuko usitembee, ikija kukatwa na kigae inakatika pale pale tu.

Utatamani kuilainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni kama mafundi wanavyofanya kwenye masinki. Usifanye hivyo sasa. Sabuni ikibaki kwenye uso tabaka linalofuata halitashika. Sabuni ni ya tabaka la mwisho peke yake.

Acha siku nzima.

Mafundo, hapa tulia

Tabaka la tatu ndo linalotofautisha glavu na mfuko wa mpira. Fikiria mgongo wa kakakuona: ana magamba magumu lakini anajikunja anavyotaka, kwa sababu ugumu uko kwenye magamba na mkunjo uko katikati yao. Fanya hivyo hivyo. Juu ya kila pingili ya kidole weka kipande chake cha silikoni unene wa milimita 3 au 4, na pale kidole kinapokunjika acha mfereji mwembamba. Fundo lenyewe linabaki na yale milimita mbili tatu za chini tu.

Swali linakuja, sasa fundo si ndo linalogongwa? Ndio, kwa hiyo kipande cha nyuma ya fundo kifanye kirefu kidogo kije mbele kilifunike, kama kigae cha paa kinavyolala juu ya mwenzake, bila kugandana nacho. Weka kipande cha mbele kwanza, kikianza kuwa na utando pakaza juu yake sabuni kidogo pale tu kitakapofunikwa, alafu weka cha nyuma kikiwa na ulimi unaolala juu. Sabuni hapo inazuia visigandane. Ikigoma usijali, fanya mfereji wa kawaida, ni bora kuliko fundo lisilokunjika.

Vifundo vinne vikubwa vya ngumi vinaweza kwenda mpaka milimita 8 au 10 kwa jumla, lakini vigawe kwa tabaka mbili na siku mbili. Kidole gumba kiwekee upande wa nje na ncha, kucha ya gumba ikigongwa na kisahani cha kilo moja na zaidi utaikumbuka. Katikati ya kidole gumba na cha shahada acha kitambaa kitupu kabisa, hapo panahitaji kutanuka.

Kitu kimoja nakisisitiza, usiweke plastiki ngumu, bati, wala vipande vya mbao ndani. Najua inashawishi. Ila mkono huo huo utampitia mtu usoni siku moja na humo ndani hakuna anayeona vizuri, na refa akiigusa ikawa ngumu hutaingia nayo.

Tabaka la mwisho chovya kidole kwenye maji yenye matone mawili matatu ya sabuni, lainisha kote kwa mwendo mmoja mmoja usirudie rudie, ukirudia unaiparaza.

Kukauka

Silikoni hii inakauka kwa unyevu wa hewa, kutokea nje kwenda ndani, na mwendo wake ni milimita 2 au 3 kwa masaa 24. Hapo ndo utaona kwa nini tyubu nzima kwa mpigo ni ujinga, nje inajifunga na unyevu hauingii tena. Kikausha nywele hakisaidii, kinakausha hewa na wewe unataka hewa yenye maji. Kama kumekauka sana weka glavu ndani ya boksi pamoja na bakuli la maji, funika nusu. Ipe wiki nzima toka tabaka la mwisho. Kipimo changu ni pua: ingiza pua ndani ya glavu, ukisikia siki hata kidogo bado.

Kuna ujanja wa kuchanganya silikoni na wanga laini wa mahindi, inakuwa kama unga uliokandwa na inakauka haraka ajabu, wakati mwingine chini ya saa moja. Ni kweli inafanya kazi. Mi natumia kwa majaribio tu, kujua unene wa kifundo utanikaa vipi, kwa sababu ukizidisha wanga inakatika kirahisi, na sijaipenda wazo la wanga kulala na maji kila wiki.

Silikoni ikikupata mkononi usikimbilie maji, utaisambaza. Futa kwanza kwa karatasi kavu mpaka iishe, alafu kitambaa chenye tapentaini kidogo, ndo sabuni. Macho yakiwasha toka nje upumzike.

Kuivua na kuijaribu

Toa fimbo, chomoa waya mmoja mmoja kwa kuzungusha, matambara yatatoka yenyewe. Vaa. Kunja ngumi, fungua, kunja. Ikibana kwenye fundo fulani chukua wembe mpya ukate mfereji kidogo kidogo bila kufika kwenye kitambaa. Kingo zenye ncha zipunguze kwa mkasi. Kwenye kifundo cha mkono shona mkanda wa velkro, kwa sababu ukiruka majini glavu inajaa maji na isiyofungwa inateleza, na ukiwa umeshikilia pumzi huna muda wa kuvuta glavu.

Jaribio la kwanza ni la mwiko wa jikoni. Mpe mtu unayemwamini akugonge nao vifundo taratibu akiongeza nguvu, mahali utakaposema aa ndipo panahitaji milimita mbili zaidi. La pili ni majini bila mechi, nusu saa ukisukuma kisahani peke yako. Angalia kama unaweza kurusha, maana kurusha kisahani kunatoka kwenye kifundo cha mkono na vidole kulegea na kukaza, na glavu nene kupita kiasi inakula hiyo mrusho wote. Kama kisahani kinasafiri nusu ya ulivyozoea rudi na wembe.

Ukitoka suuza kwa maji baridi yasiyo na klorini, igeuze nje ndani kadiri inavyogeuka, anika kivulini. Silikoni yenyewe klorini haiisumbui sana, kitambaa na uzi wa velkro ndo vinaanza kufa.

Siku ikichanika usihangaike na supagluu wala gundi ya viatu, juu ya silikoni iliyokauka hakuna kinachoshika vizuri zaidi ya silikoni. Safisha jeraha kwa tapentaini, acha likauke kabisa, kwangua uso kwa msasa, jaza silikoni mpya kwa kidole, na usiguse mpaka harufu ya siki iishe. Yangu ya sa hivi ina viraka vinne vya rangi tofauti kwa sababu kila mara nimebakiwa na tyubu nyingine, na kile cha kijani kwenye kidole cha mwisho ndo kigumu kuliko glavu yote.